Vipande Arobaini na Nane vya Kushoto

Wifi yangu ni mkata vitambaa. Ni dada mkubwa wa mume wangu. Binti yangu wa miaka mitatu anamwita Shangazi, na kwa kuwa mtoto ndiye mwenye sauti kubwa nyumbani kwetu, sote tumeishia kumwita hivyo, hata mama yake mzazi. Kazini anaitwa Fundi. Tuko mafundi kumi na mmoja katika karakana yetu ya ushonaji, lakini ukisikia mtu anaita "Fundi" bila kuongeza neno, ujue anaitwa yeye.

Mimi kazi yangu ni vifungo. Nakaa kwenye kiti kifupi, mgongo ukutani, na meza yake ya kukatia iko hatua tatu mbele yangu. Ni meza ndefu kuliko chumba ninacholala. Kwa miaka minne nimemtazama akifanya kazi, na kwa miaka minne nimemsikia akijitukana.

Hajitukani kwa sauti. Midomo inacheza tu, na ukiwa mbali utadhani anaimba au anasali. Ukisogea ndipo unasikia. "Gogo mimi. Kichwa maji. Tazama sasa, huna akili hata ya kuazima." Chaki ikianguka, gogo. Uzi ukikatika, gogo. Mtu akimpita bila kumsalimu, basi lazima kuna alichomkosea, gogo yeye. Na huyu ndiye mtu ambaye, nilipofika pale sijui kitu, nikashona vifungo vya shati zima upande wa ndani, alilichukua lile shati, akaligeuza, akasema, "Fungua, shona upya." Basi. Hakuongeza neno. Sijawahi kumsikia akimwita mtu mwingine gogo, hata wale waliostahili, na walikuwapo.

Jambo hilo lilinikera muda mrefu lakini nilinyamaza. Mtu na wifi yake wanaweza kutaniana kutwa nzima, ila kuna mahali utani haufiki.

Siku ya lile kosa la makoti tulitoka nyumbani vibaya. Shangazi alikuwa ameweka maziwa jikoni, yakafurika yakazima moto. Mama mkwe wangu ana ulimi mkali na kila asubuhi anaunoa upya. Alisimama mlangoni akatazama jiko, akatazama binti yake mwenye miaka thelathini na saba, akasema, "Wewe ungezaliwa kuku, ungesahau kutaga." Akaingia ndani. Shangazi alifuta jiko, akafuta na sakafu ambayo haikuwa na kitu. Njia nzima hakunisemesha. Midomo yake ilikuwa kazini kabla yetu.

Sasa nieleze kidogo, maana asiyejua kukata anaweza kudhani kosa lenyewe ni dogo, au ni kubwa kuliko lilivyo. Kitambaa cha makoti ya manesi kina uso na mgongo. Uso unang'aa kidogo, mgongo umefifia. Mkataji hukilaza tabaka juu ya tabaka, uso utazamane na uso, mgongo na mgongo. Juu yake anaweka karatasi ya kipande kimoja cha mbele, na akikata, nusu ya vipande vinatoka vya kushoto na nusu vya kulia. Hata aliyeingia karakanani juzi anaijua siri hiyo, kwa sababu Shangazi ndiye aliyemfundisha.

Siku ile alilaza matabaka arobaini na nane, yote uso juu. Akakata. Mashine ikanguruma, vipande vikatoka safi kama kawaida yake, vikapelekwa kwa washonaji. Mshonaji wa kwanza akachukua viwili, akavilinganisha, akavigeuza, akavigeuza tena. "Fundi," akasema, "mbona hivi vyote ni vya kushoto?"

Kitambaa kililetwa na wateja wenyewe, kimepimwa cha makoti ishirini na nne, hakikubaki hata cha kufutia meza. Msimamizi wa karakana alipiga kelele mpaka pasi zikanyamaza. Alipiga kelele nusu saa, nilimpimia kwa saa ya ukutani. Kisha akakaa kwenye simu, akatafuta huku na huko, jioni akapata robota jingine la namna ileile. Vile vipande vya kushoto tulivigeuza kuwa mifuko ya ovaroli. Siku ya tatu Msimamizi mwenyewe alikuwa anatania: "Fundi, nitafutie manesi wasio na ubavu wa kulia, nina makoti yao." Watu wakacheka, jambo likaisha.

Lilikwisha kwa kila mtu isipokuwa yeye. Siku ileile ya kosa aliizima mashine ya kukatia, akaifunika, akachukua kamkasi kadogo, akaenda kukaa na wale wanaopunguza nyuzi kwenye nguo zilizomalizika. Kazi ile tunawapa wageni. Msimamizi alidhani ni hasira ya siku mbili. Wiki ya pili alimfuata.

"Fundi, meza haikai bila mwenyewe. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Kuna mkataji ameulizia."

"Mpe."

"Nimpe nini?"

"Hiyo meza. Mimi sifai."

Miaka kumi na tano alikuwa akiitafuta meza ile. Alianza na nyuzi, akaja vifungo, akaja cherehani, akabebeshwa marobota, akachorea wengine chaki, mpaka akakabidhiwa mashine. Na sasa alikuwa anaigawa kama mtu anayetoa takataka. Nilijidunga sindano kidoleni kwa hasira, na damu ikaingia kwenye koti jeupe, nikalazimika kulifua.

Jumamosi ile ndipo mtoto aliponimaliza. Alikuwa anakunywa maziwa mkekani, kikombe kikampindukia. Kabla hajasemeshwa na mtu, aliinua kiganja chake, akajipiga kofi la paji la uso. "Gogo mimi," akasema. "Kichwa maji."

Mama mkwe alicheka. Alicheka kwa dhati, akajipangusa machozi, akasema mtoto ana akili huyu. Shangazi alikuwa ameshika ufagio, akabaki ameushika. Mimi nilipandwa na hasira. Sikumgeukia Mama, maana nilimwogopa. Nilimgeukia niliyemweza.

"Umemsikia? Hayo maneno ni yako. Mwanangu amejifunza kujipiga kwa sababu yako."

Nilitaka anijibu. Nilitaka tugombane tumalize. Lakini Shangazi aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesomewa kitu anachokijua. "Ni kweli, wifi. Hata mtoto nimemharibu. Takataka mimi." Akaendelea kufagia.

Nilikuwa nimempa fimbo nyingine, naye ameipokea kwa mikono miwili. Nilimpangusa mtoto maziwa. Nilimkasirikia Mama, nikamkasirikia Shangazi kwa kuwa mnyonge hivyo, nikajikasirikia mwenyewe kuliko wote.

Kwenye kituo cha afya tunakopima watoto kuna chumba cha mwisho cha korido, mlango wa kijani, kina viti vitatu na kabati la chuma. Anakaa mama mmoja humo, mshauri. Hana sindano wala dawa. Anatibu watu kwa mazungumzo, wale ambao ugonjwa wao uko kwenye mawazo na moyo. Niliuliza kwa nesi, nesi akaniandikia siku. Shangazi nilimwambia nahitaji mtu wa kunishikia mtoto. Alipoona tumeupita mlango wa mizani na tunaelekea mwisho wa korido, alisimama.

"Wifi. Umenileta kwa wendawazimu?"

"Nimekuleta kwa mtu wa kuzungumza naye. Mwendawazimu ni mimi niliyekusikiliza miaka minne."

Aliingia kwa sababu watu kwenye benchi walikuwa wanatutazama. Alikaa nusu ya kiti. Mshauri alimuuliza habari za kazi, akaeleza kwa kifupi. Kisha akamuuliza, "Ukikosea, unajiambia nini? Nataka maneno yenyewe."

Shangazi alimtazama binti yangu, aliyekuwa amekaa mapajani kwangu anatafuna kona ya kadi yake. "Siwezi kuyasema mbele ya mtoto."

"Kwa nini?"

"Ni maneno mabaya."

 Mshauri aliweka mikono magotini. Shangazi alikunja uso. Nilimwona akiyasikia aliyoyasema.

"Unanitega," akasema.

"Sikutegi, dada yangu. Wewe ndiye uliyesema ni mabaya."

Nilitoka na mtoto, nikakaa kwenye benchi. Yaliyofuata nilikuwa naambiwa njiani, nusunusu, na mtu mwenye hasira. Maana alitoka mle amevimba, na kila wiki alitoka amevimba zaidi. Mara ya kwanza alipewa kazi: kila akijitukana, achore mstari mmoja mahali popote. Basi. Asijikataze, asijibishane, achore tu.

"Nimekwenda kutibiwa au kufanywa karani?" aliniuliza.

Lakini ni mtu wa kazi, ukimpa kazi anaifanya. Alichukua gamba la boksi, akalitia mfukoni pamoja na kipande cha chaki. Siku ya kwanza, kabla hatujala chakula cha mchana, gamba lilikuwa jeupe pande zote. Alihesabu mistari sitini na mmoja. Alikaa na lile gamba mapajani, nyuzi zimemjaa miguuni, akanitazama.

"Wifi, hivi mtu akikuita gogo mara sitini kabla ya saa saba, ungemfanya nini?"

"Ningemtia sindano."

"Ya vifungo?"

"Ile kubwa ya magunia."

Alicheka kidogo kupitia puani. Halafu akaacha kucheka, na nikaona jambo nisilowahi kuliona usoni mwake. Alikuwa amekasirika, na safari hii si kwa kujikasirikia mwenyewe. Alikuwa kama mtu aliyegundua ameibiwa muda mrefu.

Wiki ya pili Mshauri alimuuliza ile sauti inayosema gogo ni ya nani. Ni ya mwanamke au mwanamume, ya mtu mzima au mtoto, inasimama wapi ikisema. Njiani Shangazi alitembea mbele yangu mbiombio, nikimkimbilia na mtoto mgongoni. Tulipofika karibu na nyumbani alisimama kwenye kona ya ukuta.

"Inasimama mlangoni," akasema. "Mkono mmoja kiunoni."

 Hapo mlangoni Mama alikuwa amesimama, mkono kiunoni, anatungojea.

Wiki ya tatu alikwenda amejiandaa kwa ugomvi. Alikuwa na hakika kwamba sasa ataambiwa ajisifu, asimame mbele ya kioo aseme mimi ni mzuri, mimi najipenda. "Akiniambia hivyo naondoka," alinionya. "Sitaki kudanganywa, nina umri wangu." Na alimwambia Mshauri hivyo hivyo, kabla hajaketi.

Mshauri akajibu, "Sitaki ujisifu. Nataka useme kweli. Yale makoti, ulikosea nini? Nieleze kama fundi anavyomweleza fundi."

"Nililaza kitambaa uso juu, matabaka yote."

"Halafu?"

"Halafu nikakata."

"Kosa hilo linarekebishwaje?"

"Unalaza uso kwa uso. Unakagua tabaka la pili kabla ya la tatu."

"Na gogo linaingia wapi hapo?"

Shangazi aliniambia alitafuta. Kweli alitafuta, alilipitia kosa lote kama anavyopitia kitambaa kutafuta tundu, na hakuona mahali pa kulitia. Mshauri akamwambia aendelee kuchora mistari, ila kila mstari auongezee sentensi moja: kimetokea nini, na sasa nafanya nini. Aseme kama anavyomwambia mwanafunzi wake. Na akamwambia asitazamie kuona raha, maana mdomo uliozoea njia moja miaka thelathini hauhami kwa siku tatu.

Hakuona raha. Alikuwa mkali wiki nzima. Nilimsikia kwenye lundo la nyuzi akinong'ona, "Gogo... Nimekata shati kwa ncha ya mkasi. Nalipeleka likatiwe kiraka." Anaanza na tusi, anasimama, anaweka sentensi juu yake, kama mtu anayefunika shimo kwa ubao. Siku nyingine ubao haukutosha. Siku moja alilia chooni, akatoka na kuniambia anaona kama anasema uongo, kwamba anajitetea kama mwizi. Nikamwambia mwizi hasemi alipoiba. Alinitazama vibaya, lakini akarudi kazini.

Mwisho wa mwezi ulibaki siku tatu. Meza bado imefunikwa. Msimamizi alikuwa ameshamwambia yule mkataji mwingine aje Jumatatu.

Jumapili Mama alikuwa anachagua mchele kwenye sinia. Mtoto akapita anakimbia, akakanyaga ukingo, mchele wote ukaruka ukaenea chini. Mama hakuinua hata macho.

"Gogo wewe," akamwambia mjukuu wake. "Umemrithi shangazi yako."

Mtoto aliinua kiganja, akakiweka sawa na paji la uso. Mimi nilikuwa mlango wa pili, mikono imejaa sabuni. Shangazi alifika kabla yangu. Aliushika ule mkono mdogo ukiwa hewani, akaushusha, akabaki ameushika.

"Mama," akasema. "Mtoto amemwaga mchele. Sema amemwaga mchele."

Mama akainua macho. "Nini?"

"Amemwaga mchele, tutauokota. Hayo mengine usiyaseme tena kwa huyu."

"Wewe ndiye wa kunifundisha mimi kusema? Hayo ndiyo mnayoyaendea kule, kunisengenya kwa watu baki?"

"Leo nakufundisha, Mama. Unisamehe, lakini leo nakufundisha." Sauti yake ilikuwa ya chini, na ilikuwa inatetemeka, na haikuwa ya woga. Niliishi naye miaka minne sikujua anayo.

"Mimi nilikuwa nawanoa," Mama akasema. "Baba yenu alipoondoka, nani aliwanoa? Tazama, umekuwa fundi. Ungenoleka kwa kubembelezwa wewe?"

"Nimekuwa fundi nikikuogopa. Nikishika mashine nakusikia wewe, sisikii kitambaa. Siku ile ya makoti mikono ilikuwa mezani na mimi nilikuwa hapa jikoni kwako, nafuta maziwa."

"Kwa hiyo ni mimi niliyekata?"

"Hapana. Nilikata mimi. Nililaza uso juu nikakata mimi, na kosa nalibeba. Tusi silibebi tena."

Nilifikiri Mama angempiga sinia. Aliinuka, akapangusa mapaja, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango. Hakutoka kula. Shangazi alipiga magoti, akaanza kuokota mchele, na mtoto akapiga magoti pembeni yake, na mimi nikabaki pale na sabuni inanikaukia mikononi, nimejaa hasira na sina tena mtu wa kuimwagia.

Jumatatu yule mkataji mwingine alikuwa amekwisha kufika, amekaa kwenye benchi la mlangoni na mkoba wake. Mtu mpole tu, hakuwa na kosa. Shangazi alimsalimu. Alitembea moja kwa moja mpaka kwa Msimamizi.

"Nakata leo," akasema.

"Fundi, nimemwita mtu."

"Nimemwona. Nipe mpaka saa sita. Nikikosea, mpe."

Msimamizi alikuna kichwa, akamwambia yule bwana asubiri. Shangazi akaifunua mashine. Lilikuwa robota la magauni ya wagonjwa, yenye uso na mgongo vilevile. Akalaza tabaka la kwanza, akalaza la pili uso kwa uso, akalikagua, akaendelea.  Mimi nilikuwa na kifungo kimoja mkononi tangu asubuhi.

Midomo ikaanza kucheza.  Nikainuka, nikajifanya naokota uzi karibu na mguu wa meza yake, nikatega sikio.

Tabaka la tisa lilikuwa limeteleza upana wa vidole viwili. Alikwishaweka kumi na nne juu yake. Alisimama, ameshika ukingo wa meza, mishipa ya shingo imemtoka, na nikasikia lile tusi likianza, herufi ya kwanza, likakwama kooni.

"La tisa limeteleza," akajiambia. Hakusema kwa upole. Alisema kwa hasira, kama unavyomwambia mtu unayemheshimu ambaye amekuchelewesha. "Ondoa mpaka la tisa. Laza upya."

Akaanza kuyaondoa, moja moja, akiyakunja kwenye ncha ya meza.

"Fundi, kuna nini?" Msimamizi akauliza kutoka kule kwake.

"Tabaka limeteleza, nalaza upya."

"Saa sita yako inakaribia."

"Naiona," akasema, bila kugeuka. Halafu akanitazama mimi pale chini. "Na wewe wifi, huo uzi unaookota tangu saa ngapi? Simama unishikie ncha ile."

Nikasimama, nikamshikia.